Laptopu au seva: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kasi ya programu za takwimu

Maswali haya yametoka kwa watu ninaofanya nao kazi hapa Tanga: wanafunzi wa uzamili waliorudi nyumbani kuandika tasnifu, maofisa takwimu wa halmashauri, na watafiti wa malaria, mkonge na uvuvi walioko Muheza, Korogwe na Pangani. Karibu wote huanza na maneno yaleyale: "Kompyuta yangu ni nzito." Pengine ni kweli. Lakini kompyuta huwa nzito kwa sababu nne tofauti: prosesa (inayofanya hesabu), RAM (kumbukumbu ya muda inayobeba data wakati wa kazi), diski au waya wa intaneti, na seva hutibu baadhi tu ya hizo. Ukikodi seva kabla hujajua kazi yako inakwamia wapi, unanunua dawa ya ugonjwa usiokuwa wako.

Kuendesha programu kwenye laptopu na kwenye seva kuna tofauti gani hasa?

Tofauti ni mahali hesabu inapofanyika. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila imewekwa penye umeme wa uhakika, inawaka usiku na mchana, na wewe unaifikia kwa mtandao. RStudio Server, dirisha la kuandikia R (programu ya takwimu), kwa mfano, hufunguka ndani ya kivinjari na hufanana na ile ya kwenye laptopu kiasi cha mtu kusahau yuko wapi. Kinachosafiri ni unachoandika na unachoonyeshwa. Data na hesabu zimebaki kule kule.

Nimehamishia skripti yangu ya R kwenye seva yenye viini 16. Mbona inakwenda taratibu kuliko laptopu?

Swali hili huniuma, maana anayeuliza huwa ameshalipa. Kiini ni kitengo cha prosesa kinachofanya hesabu, na R kwa kawaida hutumia kimoja tu. Fikiria jikoni siku ya harusi: wamekuja wasaidizi kumi na sita, na mbuzi ya kukunia nazi ni moja. Atakuna mmoja, kumi na tano watamtazama. Isitoshe, prosesa za seva hutengenezwa ili ziwe na viini vingi, si ili kiini kimoja kimoja kiwe na mbio. Laptopu mpya hupandisha mwendo wa kiini kimoja inapokuwa na kazi moja, na kwa kazi ya namna hiyo inaweza kuiacha nyuma seva ya gharama kubwa.

Kwenye seva za kukodi kuna mambo mawili zaidi ya kuyajua. Kwanza, "kiini" kinachotangazwa mara nyingi ni nusu ya kiini halisi, kwa kuwa kiini kimoja kimegawanywa njia mbili. Pili, seva za bei ya chini kabisa hukupa kasi kamili kama salio: ukitumia prosesa mfululizo, salio linakwisha na mwendo unashushwa. Jaribio la dakika mbili halitakuonyesha hilo. Utaliona saa ya tatu ya kazi.

Ili viini vyote vifanye kazi, ni wewe wa kuviamuru. Paketi ya parallel imo ndani ya R tangu toleo la 2.14.0 la mwaka 2011. Kazi inayojirudia bila marudio yake kutegemeana, kama bootstrap (kuchukua sampuli upya kutoka data ileile) ya mara 1,000 au kujaribu modeli ileile wilaya kwa wilaya, ndiyo inayofaa kugawanywa. Paketi ya data.table hugawa baadhi ya kazi zake yenyewe. Hesabu za matriki zinategemea maktaba iitwayo BLAS: R ya Windows huja na BLAS ya msingi inayotumia kiini kimoja, lakini seva ya Linux iliyowekewa OpenBLAS, inayotumia viini vingi, itakimbia sana kwenye matriki kubwa bila wewe kubadilisha hata mstari mmoja. Angalia tu visigongane. Ukifungua michakato 16 (nakala za R zinazokwenda sambamba), na kila mmoja ukafungua nyuzi 16 (threads) za OpenBLAS, unakuwa na nyuzi 256 zinazogombea viini 16, na kazi inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Weka mpangilio wa OPENBLAS_NUM_THREADS uwe 1 kabla ya kugawa kazi.

Basi nikigawa vizuri, viini 16 vitanipa kasi mara 16?

Hapana. Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967 na halijabadilika: sehemu isiyogawanyika ndiyo inayotawala. Tuseme asilimia 90 ya kazi yako inagawanyika na asilimia 10, kama kusoma faili na kuunganisha majibu, lazima ifanywe na kiini kimoja. Kwa viini 16 utapata kasi mara 6.4. Hata ukipata viini elfu moja hutafika mara 10.

Mimi natumia Stata, si R. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, tena kwako leseni ndiyo inayoamua. Stata/BE na Stata/SE hutumia kiini kimoja, hata ukiziweka kwenye seva kubwa namna gani. Stata/MP pekee ndiyo hutumia viini vingi, na leseni yake huuzwa kwa idadi ya viini, hadi 64. Nimewahi kukaa na mtafiti aliyepewa nafasi kwenye seva nzuri kabisa, akaweka Stata/SE yake, akangoja muujiza. Tulipofungua dirisha la matumizi ya prosesa, kiini kimoja kilikuwa kimejaa hadi juu na vingine vyote vimelala.

Stata, kama R, hubeba data yote kwenye RAM. SPSS na SAS, ambazo asili yake ni miaka ya 1960, zilizaliwa enzi za RAM ndogo na kwa sehemu kubwa husoma data kutoka diski mstari kwa mstari. Kwa hiyo hazilemewi upesi na faili kubwa, lakini kasi ya diski inazigusa sana. Mtumiaji wa SPSS mwenye diski ya zamani ya kuzunguka atafaidika zaidi akibadilisha diski hiyo kwa SSD (diski ya kasi isiyozunguka) kuliko akihamia seva.

Nitajuaje kama data yangu itaingia kwenye RAM?

Piga hesabu kwa mkono, ni rahisi. R huhifadhi nambari yenye desimali kwa baiti 8 na nambari kamili kwa baiti 4. Zidisha idadi ya mistari kwa idadi ya safu, kisha kwa 8.

Tuchukue Sensa ya 2022. Mkoa wa Tanga ulihesabiwa watu milioni 2.6. Safu moja yenye mstari kwa kila mtu ni megabaiti 21 hivi, na safu 40 ni kama megabaiti 830. Hiyo inaingia kwenye laptopu ya kawaida na nafasi inabaki. Sasa chukua nchi nzima, watu 61,741,120. Safu moja ni megabaiti 494, safu 40 ni karibu gigabaiti 20. Hiyo haiingii kwenye laptopu ya gigabaiti 8 wala ya 16, na hakuna ujanja wa kuishindilia.

Usiishie hapo. Unapobadilisha au kuunganisha majedwali, R mara nyingi hutengeneza nakala, hivyo jiwekee nafasi mara mbili au tatu ya ukubwa wa data. Na kwenye Windows, ukigawa kazi kwa parLapply, amri ya paketi ya parallel, kila mchakato hubeba nakala yake: data ya gigabaiti 1.5 kwa michakato minane ni gigabaiti 12. Linux ina njia ya mclapply inayoiruhusu michakato kutumia data ileile bila kuinakili hadi itakapobadilishwa. Njia hiyo Windows haina. Hii ni mojawapo ya sababu za kweli za kwenda kwenye seva, na watu hawaitaji mara nyingi inavyostahili.

RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamisha mizigo kwenda kwenye diski na kuirudisha. Utaitambua: taa ya diski haizimiki, kishale kinaganda, prosesa imetulia. Hapo kusubiri ni kutwanga maji kwenye kinu. Simamisha kazi, upange upya.

RAM yangu ni gigabaiti 8 na data ni kubwa kuliko hapo. Sina budi kukodi seva?

Si lazima. Jiulize kwanza unahitaji safu ngapi. Dodoso la kaya linaweza kuwa na safu 600 na modeli yako ikatumia 14. Ukitumia fread, amri ya data.table ya kusoma mafaili, na kutaja safu unazozitaka, zile nyingine haziingii kabisa. Hifadhi faili kwa muundo wa Parquet badala ya CSV, na kila safu itasomwa peke yake.

Kisha kuna DuckDB, ambayo ninaipenda kwa dhati. Ni hifadhidata inayokaa ndani ya R au Python yako, haihitaji seva, hutumia viini vyote ulivyonavyo bila kuombwa, na inaweza kuchambua data iliyozidi RAM kwa kutumia diski kwa utaratibu. Kuhesabu wastani kwa kata, kuunganisha majedwali, kuchuja: kazi za aina hii nimewaona watu wakizimaliza kwenye laptopu ileile waliyokuwa wameikatia tamaa. Modeli nzito za takwimu DuckDB haifanyi, lakini baada ya kuchuja, data ya modeli huwa imeshakuwa ndogo.

Intaneti yetu ya Tanga inaathiri vipi?

Kwa njia mbili, na ni vyema kuzitenganisha.

Ya kwanza ni kupakia. Tuseme faili lako ni gigabaiti 4 na mtandao wako unapandisha megabiti 5 kwa sekunde. Gigabaiti 4 ni megabiti 32,000, ukigawa kwa 5 unapata sekunde 6,400, yaani saa moja na dakika 47, kama haujakatika. Kama laptopu ingemaliza kazi kwa dakika 50 na seva kwa dakika 10, basi kwa kazi ya mara moja seva imeshindwa kabla ya kuanza. Lakini ukitaka kuirudia kazi hiyo mara 20, na kila mchambuzi hurudia, laptopu itakula dakika 1,000, ilhali seva itatumia dakika 107 za kupakia na 200 za hesabu. Hapo imeshinda mbali sana. Idadi ya marudio ndiyo inayogeuza jibu, na ndiyo watu wanayosahau kuihesabu.

Punguza mzigo kabla ya kuutuma. CSV ya dodoso hubana vizuri sana, na saveRDS hubana yenyewe. Tumia rsync, programu ya kunakili mafaili kwa mtandao, kwa sababu ukiiamuru ihifadhi kipande kilichokwisha kufika, mtandao ukikatika inaendelea ilipoishia. Dada mmoja wa Muheza alipandisha faili lake kwa bando la simu, likakata kwenye asilimia tisini na kitu, akaanza upya na bando jingine. Aliponisimulia alikuwa amenunua mabando matatu na faili bado halijafika. Tulilibana, tukalituma kwa rsync usiku uleule, na asubuhi tukalikuta lipo.

Njia ya pili ni kuchelewa kwa kila mguso. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyoko Ujerumani iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa hata kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60, na nyaya za baharini hazinyooki. Kwa skripti ya saa nne hilo si kitu. Kwa mtu anayechora grafu, anabadilisha rangi, anachora tena, anakuza ramani, linachosha mkono na akili. Kazi ya kuchezea-chezea data ifanye kwenye laptopu kwa sampuli ndogo, na ile ya kupika ipeleke kwenye seva.

Tena kuna siku waya wenyewe haupo. Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazohudumia pwani yetu zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Waliokuwa na nakala ya data kwenye laptopu waliendelea na kazi. Nakala hiyo uwe nayo.

Nikifunga laptopu, kazi iliyoko kwenye seva inaendelea?

Inaendelea ukiianzisha ndani ya tmux au screen, au kwa nohup, programu zinazoiacha kazi iendelee ukishatoka. Ukiingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa maandishi) na kuendesha moja kwa moja, mtandao ukikatika kazi inaweza kufa nao. RStudio Server huendelea na kikao chako hata kivinjari kikifungwa. Kwangu faida hii ni kubwa kuliko kasi. Umeme ukikatika Ngamiani saa sita usiku, modeli yangu haina habari.

Nipimeje kwa haki?

Hapa nakuomba usiharakishe, kwa sababu vipimo vingi ninavyoletewa vimepimwa vibaya.

Kwenye R tumia system.time. Itakupa nambari tatu: muda prosesa ilioutumia kwenye hesabu zako, muda mfumo endeshi ulioutumia kwa niaba yako, na muda wa saa ya ukutani. Usisome wa tatu peke yake. Wa tatu ukizidi sana jumla ya miwili ya kwanza, kazi yako ilikuwa inasubiri, yaani diski au mtandao, na prosesa yenye nguvu zaidi haitakusaidia. Wa kwanza ukizidi wa tatu, ujue viini kadhaa vilifanya kazi pamoja. Wa kwanza ukiwa karibu sawa na wa tatu, umebanwa na kiini kimoja. Nambari hizo tatu hukuambia karibu kila kitu unachotaka kujua kabla hujatoa hata shilingi. Kwenye Stata, amri ya set rmsg on huonyesha muda baada ya kila amri.

Pima mara tano, si mara moja. Mara ya kwanza faili husomwa kutoka diski, na mara ya pili mara nyingi liko tayari kwenye kumbukumbu, hivyo kulinganisha mara ya kwanza ya laptopu na ya pili ya seva ni kuidhulumu laptopu. Tumia toleo lilelile la R na la paketi pande zote mbili. Na pima vipande: kusoma peke yake, kusafisha peke yake, modeli peke yake. Mara nyingi utakuta modeli uliyoilaumu haina kosa, na muda wote unaliwa na mzunguko mmoja wa for unaoongeza mistari kwenye jedwali mmoja mmoja. Huo urekebishe palepale ulipo.

Joto la huku lina athari?

Lina athari kubwa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue. Mwezi Februari, chumba kimefungwa, laptopu imekaa juu ya mkeka, tundu zake za chini zimezibwa: marudio ya kwanza ya modeli yangu yalikwenda vizuri, kisha kila moja likawa refu kuliko lililotangulia, na data ni ileile. Niliweka vifuniko vinne vya chupa za soda chini ya pembe zake nne, feni ya mezani nikaielekeza ubavuni, na nyakati zikarudi kuwa sawa. Kisha fundi aliifungua akatoa vumbi lililoshikana kama pamba kwenye feni ya ndani. Laptopu yako ikiwa na umri wa miaka mitatu au zaidi, anza na hilo.

Majibu ya laptopu na ya seva yametofautiana. Ipi imekosea?

Kama tofauti iko kwenye desimali ya kumi na mbili, hakuna iliyokosea. Kompyuta hukata desimali, na BLAS tofauti hujumlisha kwa mpangilio tofauti.

Kama tofauti inaonekana kwa macho, angalia matoleo. R 3.6.0 ya Aprili 2019 ilibadilisha namna amri ya sample inavyochagua kwa bahati nasibu, kwa hiyo set.seed ileile (namba ya kuanzia nasibu) hutoa sampuli nyingine kabla na baada yake. R 4.0.0 ya 2020 iliacha kugeuza maandishi kuwa factor (makundi) yenyewe. Seva nyingi huwa na toleo la zamani kwa kuwa hakuna aliyelisasisha. Ukigawa kazi kwa viini vingi, chagua pia RNGkind (njia ya kuzalisha nambari nasibu) ya "L'Ecuyer-CMRG", la sivyo kila mara utapata nambari nyingine. Na Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: Kaya.csv na kaya.csv ni faili mbili.

Data yangu ni ya wagonjwa. Naweza kuipeleka kwenye seva iliyoko nje ya nchi?

Usiipeleke kwa uamuzi wako mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inagusa usafirishaji wa taarifa nje ya nchi, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Soma pia kibali chako cha maadili na mkataba wa kuhamisha data. Mama aliyekubali mwanawe atolewe damu kidoleni kule Korogwe alikubali kwa masharti aliyosomewa siku ile, na kasi ya modeli haiwezi kuyafuta. Ondoa majina, namba za simu na GPS za kaya kabla ya jambo lolote, na kama taasisi yako ina seva yake nchini, anza kuomba huko.

Ofisi yetu ina wachambuzi sita. Tununue seva yetu?

Ikiwa mnatumia data ileile kubwa, ndiyo, inafaa: nakala moja, toleo moja la programu, na hakuna tena mafaili ya "mwisho_kabisa_2" kwenye flashi. Lakini kubalianeni mapema kuhusu RAM. Kwenye seva ya pamoja mtu mmoja anaweza kuijaza yote, na Linux ikizidiwa huua mchakato ili ijiokoe, pengine wa mwenzake asiyehusika. Wekeni ukomo kwa kila mtumiaji. UPS (betri ya akiba) na chumba chenye ubaridi viingie kwenye bajeti ya kwanza, visingoje ya mwaka ujao.

Mkikodi badala ya kununua, kumbukeni kuwa saa za seva huhesabiwa hata pasipo anayeitumia. Mwekeni mtu mmoja wa kuizima Ijumaa jioni.

Mdogo wangu anaanza uzamili. Anunue laptopu ya namna gani?

RAM ya gigabaiti 16, au inayoweza kuongezwa, na amwombe muuzaji aifungue aone nafasi ya pili ipo. SSD, isiwe diski ya kuzunguka. Prosesa ya kati inatosha. Akague kama feni inatoa hewa ubavuni badala ya chini tu, maana ataitumia huku pwani. Kisha ajifunze ssh na tmux wikendi moja, wakati hana haraka, ili siku tasnifu itakapohitaji seva asiwe anajifunza saa nane usiku.